Kamera Namba Sita

Kosa la Dada Stoo lilizaliwa na bidii, na hilo ndilo linalouma. Angekuwa mvivu kama sisi wengine, leo asingekuwa na la kujutia. Lakini mtu aliyetunza stoo ya hospitali miaka kumi na tisa, anayejua kila bandeji iko rafu ipi na kila boksi la glavu linakwisha muda wake lini, utamwambiaje aache kitu kilale na vumbi? Jina hilo walimpa wauguzi kwa utani, likamganda mpaka nyumbani, hata baba yake akawa anamwita hivyo siku akiwa na furaha. Siku hizo hazikuwa nyingi.

Baba yake ndiye Mzee Picha. Nusu ya mji ilipita mbele ya lenzi yake: maharusi, wahitimu, watu wa pasipoti walioambiwa wasicheke wakacheka. Kamera zake zote kumi na moja zilikuwa za zamani, za chuma, zisizojua betri. Unavuta wenzo kwa kidole gumba, springi inakaza. Unabonyeza, pazia la ndani linafunguka na kufunga, basi. "Hizi hazina ujanja," alikuwa akisema. "Zinafanya ulichoziambia, hata kama umeziambia upuuzi." Simu zilipoanza kupiga picha na wateja wakaadimika, alifunga studio, akazihamishia kamera chumbani kwake, kwenye kabati alilolichonga mwenyewe lenye milango ya wavu ili hewa ipite. Aliendelea kuzihudumia kila mwezi kana kwamba kesho kuna harusi.

Mganga hajigangi. Katika nyumba ile hapakuwa na picha hata moja ya wenye nyumba iliyotundikwa. Kutani walining'inia maharusi wa watu, wale ambao hawakurudi kuchukua picha zao. Mama mtu alitangulia zamani, watoto wakiwa wadogo, akaacha picha moja ya kitambulisho. Watoto walikuwa wawili tu: Dada Stoo, kifungua mimba, na mdogo wake ambaye wote walimwita Kitinda. Kati yao palikuwa na miaka kumi na mbili, na baba alimpenda Kitinda waziwazi, bila hata kujisumbua kuficha. Kitinda ndiye aliyefundishwa kamera. Dada alipoomba kushika, aliambiwa, "Wewe kaa na hesabu zako za shuleni, huku kuna vitu vinavunjika." Akakaa na hesabu zake. Hakusahau.

Miaka saba iliyopita Kitinda alipata kazi ya ujenzi mji mwingine. Asubuhi ya kuondoka alisimama getini na begi lake jipya, na baba, kwa mara ya kwanza, akamgeuzia mwanawe lenzi. Dada Stoo aliwaona kupitia dirisha la jikoni wakichezeana kama watoto, mmoja anakimbia, mwingine anapiga. Wiki ya tano jukwaa la ujenzi likaanguka. Baada ya mazishi Dada Stoo aliuliza zile picha za getini zimefika wapi, maana hawakuwa na sura ya Kitinda ya utu uzima, ila ile ya darasa la sita akiwa na kovu la tetekuwanga. Baba alijibu bila kumtazama: "Hazikutoka." Yakaisha. Aliumia, lakini katika nyumba ile watu walijikaza kisabuni, maumivu hayakuwa na mkutano.

Halafu kiharusi kikampiga Mzee Picha. Kiliuchukua upande wote wa kulia na kikaondoka na maneno yake yote, hata "ndiyo", hata "hapana". Alibakiwa na mkono wa kushoto unaotetemeka, na macho. Dada Stoo akakisogeza kitanda cha baba dirishani apate mwanga, akamwomba shangazi yake awe anashinda naye saa za kazi, na jioni akachukua zamu yeye. Kumlisha, kumgeuza, kumfuta. Hakulalamika. Alichokitaka moyoni ni kitu kimoja, na tukiseme bila haya: kabla mzee hajafumba macho, ajue kwamba huyu mtoto wa kwanza naye angeweza kushika kamera.

Daftari alilikuta kwenye droo ya kabati. Mwandiko wa baba, wa herufi kubwa zilizolala.

"Usihifadhi kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ngozi inakunywa unyevu, unyevu unazaa kuvu, kuvu linakula lenzi."

"Usiilaze springi ikiwa imekazwa. Fyatua kwanza, ndipo uiweke. Hata binadamu akilala amekunja ngumi huamka na maumivu."

"Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi: toa kifuniko cha lenzi, elekeza penye mwanga, piga kasi zote nane, anza na ya polepole. Malizia na saa ya kujipigia, kasi ya kati, mara moja. Grisi isiyotembezwa hugeuka gundi."

"Katikati ya mwaka na mwisho wa mwaka: vuta juu kifundo cha kushoto, mgongo utafunguka, puliza vumbi."

Kisha ikafuata orodha ya zote kumi na moja. Namba moja ilitaka subira. Nne wenzo wake mgumu, isilazimishwe. Tisa huchelewa asubuhi za baridi. Kila kamera iliandikiwa mistari miwili mitatu, mzee akizisema kama mwalimu anayejaza ripoti za wanafunzi. Kwenye sita kulikuwa na neno moja tu: "Iache."

Dada Stoo alilisoma neno hilo akaguna. Stoo haina "iache". Kitu ama kizima, ama kibovu, na kibovu hutengenezwa. Aliitoa namba sita, akaipangusa. Ilikuwa nzuri kuliko zote, nyeusi, kingo zimelika hadi shaba ikaonekana. Akajiambia mzee lazima alichoka nayo, au ilimsumbua akaisusa, na kwamba hapo ndipo atakapoonyesha kazi: ataifufua ile iliyomshinda mzee mwenyewe. Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini amuulize nani? Aliyejua alikuwa amelala pale, hana ulimi.

Jumamosi ya kwanza aliweka meza ndogo hatua tatu kutoka kitandani, lenzi zikielekea huko, maana mwanga mzuri wa dirisha ulikuwa ukiangukia pale pale kwa mgonjwa. Akaanza na moja. Vuta, bonyeza. Kasi ya polepole ilivuma kama nyuki ndani ya kopo, ya haraka ikalia tak, kavu. Alipofika ya tatu alimwona baba amefumba macho na vidole vya mkono wa kushoto vinagonga shuka, vinahesabu. Dada Stoo akafurahi furaha ambayo hakuwa nayo tangu utotoni. Nne hakuilazimisha. Tano ikaenda salama.

Alipovuta wenzo wa sita, mzee alifumbua macho akatoa sauti. Haikuwa neno, ilikuwa kama mlango mzito unaoburutwa. Akaunyanyua mkono, kiganja wazi.

"Baba, kiu? Subiri nimalize hii, nakuja."

Aliona jambo moja la ajabu. Kila alipovuta wenzo upande wa kulia, kile kifundo kidogo cha kushoto nacho kilizunguka taratibu. Kwenye zile tano za mwanzo kilikuwa kimetulia tuli. Kila kamera na tabia yake, akajisemea, na daftari si limesema hivyo hivyo? Kitinda angekuwepo angepiga kelele. Kifundo kikizunguka maana yake kuna filamu tumboni. Hilo ni somo la siku ya kwanza, na Dada Stoo hakuwahi kupewa siku ya kwanza.

Akapiga zote nane. Ya tisa akategesha saa ya kujipigia, ile inayosaga sekunde kumi ili mpigaji akimbilie kwenye picha yake mwenyewe. Ikisaga hivyo, yeye akachukua kikombe, akainama kitandani, akauweka mkono nyuma ya kichwa cha baba. Mzee akakisukuma kikombe, maji yakamwagika kifuani, akaunyoosha mkono wake ukapita begani kwa bintiye, kuelekea mezani. Tak.

"Umesikia, Baba?" Dada Stoo aligeuka, uso umemchangamka. "Hata sita ni nzima! Ulikuwa unaionea bure."

Akaandika daftarini, chini ya lile neno la baba, kwa kalamu ya stoo: "Sita: nzima, kasi zote. Baba alitaka maji."

Mwezi wa pili ulikuwa vilevile, ila mzee alianza kutoa ile sauti kabla hata sita haijatoka kabatini, na kikombe kilirushwa mpaka mlangoni. "Leo hataki mchezo," Dada Stoo alimwambia shangazi. Akaandika: "Sita: nzima. Baba mkali kidogo." Mwezi wa tatu mzee hakurusha kitu. Aliinua mkono ukakaa hewani tangu pigo la kwanza hadi la tisa, unatetemeka, na machozi yakamtiririka kuingia masikioni. Dada Stoo naye akalia. Alidhani mzee anaililia kazi yake. Akamshika ule mkono, akaushusha pole pole, akaufunika na shuka. Hilo la kuufunika ndilo linalomwamsha mpaka leo.

Mwezi wa nne wenzo wa sita ulikataa. Ulifika nusu ukagota. Akajaribu tena kwa upole, ukagota.

Angekuwa mtu wa haraka angeulazimisha. Yeye alifanya la mtu mwangalifu: alitazama tarehe, akaona mwezi wa kufungua migongo umeshafika, akasema afungue aone kilichokwama. Akakivuta kifundo juu. Kitandani mzee alijipinda, akafanikiwa kutoa mguu mmoja nje ya shuka, mguu ambao haukuwa umetembea miezi mitano.

Mgongo ukafunguka. Ndani, badala ya tumbo tupu, kulikuwa na filamu iliyonyooshwa, inang'aa, na upande wa kulia imejiviringa nene kwenye kijiti chake. Mchana kweupe.

Aliufunga. Sekunde mbili, labda tatu. Binti wa mpiga picha, hata asiyefundishwa, anajua filamu isiyosafishwa ikiona mwanga imekwisha. Alisimama ameibana kamera kifuani kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo yote yakaja kwa mpigo: geti, begi jipya, baba na mwana wanakimbizana, "hazikutoka", "iache".

"Baba," alisema. "Ni yeye?"

Mzee Picha alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni, na hiyo ingekuwa nafuu. Akageuza uso ukutani.

"Baba, sikujua. Wallahi sikujua. Ungeniambia. Tangu nikiwa mdogo, ungeniambia tu kitu kimoja!" Alikuwa akilia na kugomba kwa pamoja, akimlaumu mtu asiyeweza kujibu, na alilijua hilo wakati huohuo akilisema. Ukuta ukabaki na yule mzee, na mzee akabaki nao.

Aliipeleka kamera ikiwa imefungwa ndani ya kanga tatu kwa Mzee Giza. Huyu ndiye aliyemsafishia baba yake filamu miaka thelathini, na jina alilipata kwa kushinda kwenye chumba chake cha giza mpaka watu wakamsahau sura. Sasa alikuwa amezeeka, chumba kimegeuka ghala la magodoro, dawa zake zimeharibika kitambo. Alimsikiliza Dada Stoo mpaka mwisho, akakitikisa kichwa.

"Nilimwambia mimi. Alikuja hapa baada ya matanga na kamera shingoni. Nikamwambia, lete nisafishe, utamwona mwanao. Akanijibu filamu haisafishwi ikiwa nusu, bado ina nafasi ishirini na saba. Nikamwambia basi zimalize, piga hata kuku. Ndipo akanifungukia. Akasema, 'Zikiwa humu ndani, bado kuna kitu cha kumngojea. Zikitoka, sina tena.'"

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Ungemruhusu?"

Dada Stoo alilijua jibu. Asingemruhusu. Angeipeleka kusafishwa siku ileile, akaandika tarehe.

"Siwezi kukuahidi kitu," alisema Mzee Giza. "Joto la miaka saba, na juu yake mwanga. Dawa lazima ziagizwe, zitachukua wiki kadhaa. Kamwambie mzee naijaribu."

Alimwambia. Alimwambia sikioni asubuhi na jioni, akimbembeleza kwa uji na kijiko: Mzee Giza anajaribu, Baba, dawa ziko njiani, kula kidogo. Mzee alifumba mdomo. Uso wake haukurudi tena upande wa dirisha. Shangazi alijaribu, mchungaji wa jirani akajaribu, daktari akamwekea mpira wa puani, naye kwa ule mkono mmoja akauchomoa. Jumatano moja mchana, Dada Stoo akiwa kazini anahesabu sindano, shangazi akapiga simu. Daktari alisema ni kiharusi cha pili, kingekuja tu, hakikuhusiana na lolote. Dada Stoo alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na hakuamini hata neno moja.

Dawa zilifika siku ya nne baada ya mazishi.

Mzee Giza alimwita, akamketisha kwenye rundo la magodoro, akaubandika mkanda mzima kwenye kioo cha dirisha. Alimkabidhi kioo cha kukuzia. "Anza kushoto," alisema.

Picha tisa za kwanza zilikuwa hafifu, zimepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, lakini zilikuwepo. Kitinda getini. Kitinda amebeba begi kichwani. Kitinda anakimbia, haonekani ila mgongo na soli ya kiatu. Kitinda amesimama karibu, anacheka, ndevu zimeanza kuota kidevuni, kovu la tetekuwanga limesogea kidogo kwa sababu uso ulikuwa umekua. Dada Stoo alizizuia kwa mkono mdomoni kelele zilizotaka kumtoka.

"Zimeponaje?"

"Filamu inajiviringa," alisema Mzee Giza. "Za mwanzo ndizo zinazokaa ndani kabisa. Zile ulizozipiga wewe zilijiviringa juu yake. Mwanga umekula za kwako, za mwezi wa tatu zote na za mwezi wa pili karibu zote. Ungefungua mgongo siku ile ya kwanza kabla hujapiga kitu, usingemkuta mtu hapa. Wewe ndiye uliyemfunika mdogo wako, bila kujua."

Alilisema ili kumfariji, na kwa dakika moja lilimfariji. Mzee wake alikufa akiamini zimeungua, na zilikuwa nzima. Wiki nne tu za kungoja dawa. Majuto ni mjukuu, huja mwisho, na huyu alikuja akiwa tayari anatembea.

"Kuna na zako za mwezi wa kwanza," Mzee Giza aliongeza, akageukia dirisha lingine kana kwamba kuna kitu nje. "Hizo hazikuungua."

Dada Stoo akasogeza kioo. Kitanda. Dirisha. Baba yake, kiganja wazi. Katika kasi za polepole mkono ulikuwa wingu tu, maana ulikuwa ukitikiswa; kadiri kasi ilivyopanda ndivyo vidole vilivyoonekana kimoja kimoja, picha ikizidi kufifia. Mdomo umefunguka. Picha nane za mtu anayesema hapana kwa kila alichobakiwa nacho. Ya tisa ilikuwa ya saa ya kujipigia, na hiyo ilitoka vizuri kuliko zote: yeye mwenyewe ameinama na kikombe, uso wa pembeni, anatabasamu kama aliyeshinda, na baba yake anamtazama, mkono umenyooka unapita begani kwake kuja moja kwa moja kwenye lenzi.

Ilikuwa picha ya kwanza ya wawili hao katika maisha yao yote.

"Nikuze ipi?" aliuliza Mzee Giza.

Alikuza mbili. Dada Stoo aliwashusha maharusi wawili wa watu ukutani, akamtundika Kitinda anayecheka, na kando yake ile ya kikombe. Namba sita aliirudisha kabatini tupu, springi imelegezwa, nje ya mfuko wa ngozi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliitoa pamoja na nyingine, akaipiga zote tisa ikitazama kitanda kilichotandikwa. Kifundo cha kushoto hakikuzunguka.

Jioni hiyo shangazi alipita kumjulia hali. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akamlilia Kitinda kidogo, kisha akaisogelea ile picha ya pili na kuvaa miwani.

"Loo, mwanangu," alisema. "Na watu walikuwa wanasema kaka yangu hakukupenda. Tazama anavyokunyooshea mkono. Anataka kukukumbatia."

Dada Stoo alikuwa anafunga milango ya kabati.

"Ndiyo, Shangazi," alisema.